Kizingiti Namba Tatu

Saa nne usiku, Mabibo, na joto la Februari
halijaambiwa kwamba jua limeshazama.
Nsajigwa kakaa kwenye stuli ya ngoma zake za umeme,
kifua wazi, taulo begani,
mkono wa kushoto umelala pajani
kama mgeni aliyefika kabla wenyeji hawajaamka.

Mimi nimepiga magoti mbele ya kisanduku,
kidole kwenye kitufe, macho kwenye tarakimu.
Ngoma hizi tulizitoa Kariakoo, mtumba,
bila kitabu cha maelezo, pedi moja ina kovu la pasi.
Muuzaji aliapa: "Hizi zinasikia hata unachowaza."
Mwongo. Hazisikii hata unachopiga.

"Gonga."
Anagonga kwa kulia, na mstari kwenye kioo
unaruka mpaka juu.
"Kushoto."
Fimbo inashuka, inagusa mpira.
Mimi nimeiona, ukuta umeiona.
Kisanduku kinasema: hakuna mtu.

Kuna kitu humu ndani, ni kizingiti.
Pigo lisilofika kimo chake halivuki, linarudia mlangoni.
Kiwandani waliweka nane.
Waliwaza vijana wenye mabega,
hawakuwaza kiharusi cha Juni
wala mtu mzima anayefundishwa upya kushika kijiko.

Nashusha. Saba. Sita.
"Kushoto." Kimya.
Tano. Kimya, na harufu ya dawa ya kuchua.
Nne: pigo moja kati ya matano limepita,
kama mtoto aliyepenya kiunoni mwa bawabu.

Sasa toazi nalo limeanza umbea.
Ukigonga tomu, lenyewe pembeni linaropoka, tsii,
maana vyote vimefungwa kwenye bomba moja
kama sisi wapangaji sita wa ua mmoja:
mlango wa Mama Shamsa ukibamizwa
mimi chumbani kwangu naitika, "Nani?"
Nakata kipande cha kandambili kuukuu,
nakibana kati ya bomba na kibano,
halafu kwenye kisanduku naliongezea tarakimu mbili za adabu.
Limenyamaza.
Natamani na uani kungekuwa na kitufe hicho.

Tatu.
"Kushoto."
Na ndani ya hedifoni, kwa mbali, snea: tk.
Tena: tk.
Ananigeukia. Sisemi kitu.
Tk, inasema snea, na fimbo yake iko hewani.
Tk. Tk. Nani anapiga?
Tunainua macho. Pangaboi,
lenye bawa moja lililopinda, linatikisa dari,
dari inatikisa ukuta, ukuta sakafu,
na sakafu inaingia kwa mlango tuliomfungulia yeye.
Lori la kontena likikata Barabara ya Mandela
tunapata mfululizo mzima, safi kuliko wa mtu.

"Rudisha nne," anasema. "Tutaishi."
Naijua hiyo tutaishi.
Aliisema wodini. Aliisema tena
siku bendi ilipompa stuli kijana wa Mbagala.
Nasimama, naenda ukutani,
nazima pangaboi.

Joto linaketi nasi kama ndugu aliyekuja na begi.
Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto.
Kila la kushoto linavuka,
dogo, linachechemea, lakini linavuka,
na chini ya kidevu chake jasho linadondokea pedi
bila kuhesabiwa.
Pigo moja linatoka mara mbili: tk-tk.
Nanyoosha kidole nilirekebishe.
"Liache," anasema. "Tangu Juni nahesabiwa nusu."

Nje, kwa anayepita dirishani, hakuna muziki,
ni fimbo tu juu ya mpira,
kama mtu anayekata bamia usiku.
Luku inalia, yuniti mbili.
Nachukua penseli, naandika ukutani
chini ya namba ya fundi bomba:
snea, kizingiti 3. Pangaboi lisiwashwe.